Umri wa Diski ya Kibondo

Kwetu mtu akiulizwa habari za nyumbani hujibu kwanza kwamba ni nzuri. Mnatembea kidogo, mnazungumzia mvua na maharage, na mkikaribia kuachana ndipo anasema, "Ila mtoto hajala tangu jana." Nimelelewa hivyo, na ndivyo nilivyowalea wadogo zangu. Kwa hiyo nilipofundishwa kusoma logi za seva, yaani maneno ambayo mashine hujiandikia yenyewe juu ya kila inachofanya, sikushangaa kuona kwamba nayo huanza na nzuri. Imewaka salama. Saa iko sawa. Mtandao upo. Nakala imekamilika. Kazi yangu kila asubuhi ni kusoma yote hayo bila kuyaamini, mpaka nifike kwenye ila.

Niliingia kwenye kituo chetu cha afya kwa fagio. Baba alitangulia, mama akafuata kabla mwaka haujageuka, nami nilikuwa kidato cha pili, wa kwanza kati ya watoto wanne. Niliacha shule. Nililima shamba walilotuachia Nyakitonto, kisha nikapata kazi ya usafi Kasulu mjini. Fundi aliyefunga seva alitoka mbali na hakutaka kusafiri kila zinapokohoa. Alikuwa anatafuta mtu anayekuwepo kila siku, asiye na ndoto ya kuhamia Dar es Salaam, akanikuta napiga deki.

"Usihangaike na Kiingereza chote," aliniambia. "Jifunze sura ya siku nzuri. Siku sura ikibadilika, nipigie."

Hilo niliweza. Sura za siku nzuri nilizijua kuliko watu wengi, kwa kuwa zilikuwa chache.

Kituo kina tawi Kibondo. Seva moja iko kwetu Kasulu, nyingine iko kule, na kadi ya mgonjwa inayoandikwa kwenye moja hujiandika papo hapo kwenye nyingine, ili moja ikiungua nyingine ibaki na kila kitu. Sisi tuliziita pacha. Ya Kasulu ilikuwa Mkubwa, ya Kibondo Mdogo, na hata madaktari wakazoea kuziita hivyo. Huku Buha, nchi yetu Waha, pacha wana heshima na masharti. Ukimnunulia mmoja shati, unanunua mashati mawili. Ukimsalimia mmoja ukampita mwenzake, bibi yeyote aliye karibu atakurudisha.

Basi diski ya Mdogo ilipochakaa, fundi akashauri ibadilishwe, mganga mfawidhi wetu akakataa kununua moja. Ni mama mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa hapa hapa, na akisema jambo halirudiwi.

"Pacha hawapewi kimoja," alisema. "Mkubwa naye apewe."

Tulicheka, lakini hakuna aliyeona kosa. Ya Mkubwa ilikuwa imechoka kidogo, haijaharibika. Tukanunua mbili kwenye duka moja la vifaa vya kompyuta mjini, kutoka kwenye boksi moja, kila moja ndani ya nailoni yake iliyofungwa. Yangu niliichana mwenyewe, nikaiweka huku fundi akinielekeza kwa simu. Ile nyingine nilimkabidhi mdogo wangu wa kiume anayenifuata.

Yeye ndiye aliyekuwa akiangalia seva ya Kibondo, pamoja na jenereta na betri za sola. Kazi hiyo nilimwombea mimi. Nilisimama mbele ya mfawidhi nikasema akikosea huyu nimekosea mimi, na maneno ya namna hiyo hayana njia ya kurudi. Siku ile alikuja Kasulu, akaiingiza diski kwenye begi katikati ya nguo zake, akapanda basi la asubuhi. Jioni alinipigia.

"Dada, nimefika. Iko ndani, inapiga kazi."

Nilimshukuru. Nilikuwa nimeshughulika na Mkubwa mchana kutwa, sikuwa na sababu ya kuchungulia.

Wiki kadhaa zikapita kabla Mdogo hajasema ila yake. Ulikuwa mstari mmoja, katikati ya salama nyingi, kwamba mashine imejaribu kusoma sehemu fulani ya diski ikashindwa, ikajaribu tena ikafanikiwa. Mtu mwingine angeishia kwenye ikafanikiwa. Mimi nilirudi nikausoma upya. Zikafuata siku za kimya, kisha ikaja mistari mitatu kwa mfululizo, sehemu zile zile, na mmoja wao haukuwa na mafanikio mwishoni.

Fundi alisema, "Iulize diski yenyewe," akanifundisha amri ya kuandika.

Nilikuwa sijui kwamba diski ina kumbukumbu zake, mbali na za mashine. Huhesabu saa zote ilizowahi kufanya kazi tangu itoke kiwandani, na vipande vyake vilivyooza. Kipande kikioza, diski huhamishia yaliyomo kwenye kipande cha akiba bila kumwambia mtu, kama watu wa nyumba inayovuja wanavyosogeza mkeka. Unaingia sebuleni unaona mkeka umetandikwa vizuri. Hujui kwa nini umetandikwa pale.

Nilipiga picha ya majibu nikamtumia. Hakuchelewa kunipigia.

"Hii mlinunua mpya?"

"Mpya. Ndani ya nailoni."

"Imefanya kazi zaidi ya miaka mitano. Huyo ni mzee aliyevalishwa sare ya shule."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Ama mmeuziwa hivyo, ama imebadilishwa njiani," aliendelea. "Ya Kasulu inasemaje?"

"Ya Kasulu haijalalamika. Logi zake safi."

"Basi. Ile ya Kibondo nani aliibeba?"

Nilimwambia sauti yake inakatika, nikakata simu.

Nilikaa pale nikiangalia kioo cha kompyuta. Kisha nikafanya jambo ambalo nilijua nikilifanya sitaweza kulifuta kichwani. Nilirudi nyuma kwenye logi za Mdogo mpaka siku ile aliyosafiri na diski. Kubadilisha diski lazima uzime mashine, na mashine huandika saa inapozimwa. Siku ile haikuzimwa kabisa. Ilifanya kazi asubuhi, mchana na jioni, hata dakika ile aliyokuwa akiniambia iko ndani. Ilizimwa kesho yake, baada ya adhuhuri.

Diski ile ililala mahali, na mahali penyewe sipajui.

Mdogo wangu alipokuwa mtoto, uongo wake niliutambua kwa haraka ya majibu. Ukimuuliza kitu cha kweli anafikiri kidogo. Ukimuuliza kitu alichokiharibu anajibu kabla hujamaliza. Nikampigia, nikamsalimia, nikamuuliza habari za Mdogo, kisha nikasema kama mtu anayejaza nafasi:

"Hivi ile diski uliiweka li—"

"Siku ile ile, dada. Si nilikwambia?"

"Ulinambia."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Naandika taarifa."

Baada ya hapo kila kitu chake kilianza kuwa ushahidi. Viatu vyake vya ngozi, ambavyo nilikuwa nimevisifia. Tabia yake mpya ya kutoka nje akipigiwa simu. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekwenda kukaa kwake wakati wa likizo, aliniambia kaka siku hizi anapenda kuuliza basi la kwenda upande wa mpakani linaondoka saa ngapi. Nilimuuliza tena na tena yule mtoto, kwa kuzunguka, mpaka akaanza kunikwepa. Nilijua diski mpya inauzika. Nilijua pia kwamba mtu akitaka kuuza kitu kisionekane tena, akivusha Burundi kimekwisha. Kitu ambacho sikukijua ni nitasimamaje mbele ya mfawidhi. Akifukuzwa yeye kwa wizi, mimi nitabaki na kazi gani, na wale wawili walio shuleni nitawaambia nini kuhusu kaka yao.

Nilimwomba mfawidhi ruhusa ya kwenda kumwangalia Mdogo.

"Kuna tatizo?"

"Anasoma kwa kusitasita, mama."

"Ni mashine au ni mtu?"

"Bado sijajua."

"Nenda ukajue," alisema.

Kibondo nilifika mchana. Muuguzi wa mapokezi, dada mcheshi asiyemwacha mtu apite bure, aliponiona alimwita mdogo wangu kwa sauti ya kumsikilizisha kila aliyekuwa kwenye benchi.

"We mwenyeji wa Nyabibuye! Toka nje, umepata mgeni."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nyabibuye iko mbele ya Kibondo, wilayani Kakonko, kilima kwa kilima na Burundi. Hatuna ndugu kule wala shamba. Nililipokea lile jina nikaliweka, nikamsalimia kwa Kiha kama kawaida, naye akaitikia kwamba wazima wote.

Chumba cha seva cha Kibondo kilikuwa stoo ya vyandarua. Kina dirisha dogo, feni, na stuli moja. Nilikaa mimi, akasimama yeye mlangoni. Niliwasha kioo nikamwonyesha mistari ile. Aliisoma. Kusoma anajua kuliko mimi, yeye alimaliza kidato cha nne.

"Inakufa," alisema. "Mbona mpya?"

"Si mpya. Ina zaidi ya miaka mitano."

"Haiwezekani."

"Ndivyo inavyosema yenyewe." Kisha nikamfungulia ile saa ya kuzimwa. "Na hii inasema uliibadilisha kesho yake. Ulilala wapi na diski, mdogo wangu?"

Safari hii hakujibu haraka. Aliangalia feni.

"Nyabibuye."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, dada."

"Ulimwuzia nani?"

Nilikuwa nimeliandaa swali hilo njia nzima, na bado lilitoka vibaya. Alinigeukia polepole, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Kumbe hicho ndicho kilichokuleta."

"Nijibu."

"Sijauza kitu. Iliingia kwenye begi imefungwa, ikatoka kwenye begi imefungwa. Nailoni nimeichana hapo ulipokaa."

"Na Nyabibuye?"

"Nilikwenda kuposa."

Feni ilizunguka.

"Mjomba wake binti ndiye aliyepanga siku," aliendelea, sasa kwa haraka, lakini haikuwa ile haraka ninayoijua. "Ningesema ngoja, wangesema sina nia. Nikapitiliza na basi, nikarudi kesho yake."

"Ulikwenda kuposa na diski ya wagonjwa mkononi?"

"Ilikuwa kwenye begi."

"Na nani alikusemea?"

"Jirani yangu wa hapa. Mzee mmoja."

"Mzee mmoja. Na mimi?"

"Ungesema wadogo wamalize shule kwanza."

"Ningesema hivyo."

"Basi ndiyo maana."

Hapo ningeweza kumwamini. Hadithi ilikuwa na aibu ndani yake, na mtu hatungi aibu ya namna ile. Lakini diski bado ilikuwa na miaka mitano, na neno lake halikuipunguzia hata siku moja. Nikamwambia hivyo. Nilimwambia kwamba binti naweza kumwelewa, ila kule Nyabibuye alikolala mtu yeyote angeweza kufungua begi lake.

"Halikutoka miguuni pangu."

"Ulilala usingizi?"

"Dada, ya kwako umeiuliza?"

"Ya kwangu nini?"

"Umri. Ya Mkubwa. Umeiuliza umri?"

"Ya kwangu haijalalamika."

"Sijauliza kama imelalamika."

Niligeukia kioo ili nisimtazame. Kutoka Kibondo unaweza kuingia kwenye Mkubwa kwa mtandao, kama ninavyoingia kwenye Mdogo kila asubuhi. Niliandika amri ile ile aliyonifundisha fundi. Mtandao ulisuasua, kisha majibu yakashuka. Diski niliyoichana nailoni kwa kucha zangu, nikaiweka kwa mikono yangu, ambayo haikupanda basi wala kwenda kuposa, ilikuwa na miaka karibu sita. Vipande vilivyooza vilikuwa vingi kuliko vya mwenzake. Vilikuwa vimehamishwa vyote kimya kimya, mkeka umetandikwa, na ndiyo maana logi hazikuwa na neno. Akiba ya kuhamishia ilikuwa inakaribia kuisha.

Mdogo wangu alikuja akainama nyuma yangu akasoma. Nilisubiri aseme kitu. Alichukua simu yangu iliyokuwa mezani akanipa.

"Mpigie mfawidhi kabla haijafa," alisema.

Nilimpigia nikamweleza yote, la Nyabibuye pia, kwa sababu ningelificha lingetoka lenyewe kwa muuguzi wa mapokezi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo pacha wote wawili wagonjwa," alisema.

"Ndiyo, mama. Boksi moja."

"Na ni mimi niliyesema wapewe wote. Kijana yupo hapo? Mpe simu."

Sikusikia alichoambiwa. Niliona tu akisema ndiyo mama, ndiyo mama, nimekosa kwa kulala njiani, ndiyo. Alipomaliza macho yake yalikuwa chini, lakini alikuwa amesimama wima.

Fundi alituelekeza tusizime kitu. Ile diski ya zamani ya Mkubwa, iliyochoka bila kuharibika, nilikuwa nimeihifadhi kabatini Kasulu kwa sababu mfawidhi hatupi kitu. Nilirudi kesho yake na basi la kwanza, mdogo wangu akiwa kiti cha pembeni, kwa amri ya mfawidhi, kwamba nisiguse mashine peke yangu. Njiani alinunua karanga, akanipa nusu bila kunitazama.

Kunakili kulichukua muda mwingi wa mchana. Kadi za wagonjwa zilipita moja baada ya nyingine kwenda kwenye diski ya zamani, na wahudumu wakaandika kwenye makaratasi. Sehemu nyingine mashine ilisita, ikajaribu, ikasita, nasi tukakaa kimya kama watu wanaomsikiliza mgonjwa akipumua. Palipogoma Mkubwa tulichukua kwa Mdogo. Kwa bahati hawakuwa wameoza mahali pamoja. Jioni kila kadi ilikuwa mahali salama, na mimi kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimtazama mdogo wangu usoni. Alikuwa amekonda.

Mdogo wangu alipoileta na ile ya Kibondo, mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye watu wake wako Tanga, alizipokea diski zote mbili akazigeuza geuza. Nilikuwa nimeenda na moto wangu, maana bado nilitaka mwizi.

"Binti yangu," alisema, "mie nimeuziwa kama nilivyowauzia. Boksi lile hapo, limebaki nusu. Hebu tuzitazame zote, mbele yako, kisha unihukumu."

Tukazipima zilizobaki, yeye akishika kalamu na mimi nikiuliza. Zote zilikuwa nzee. Alizitoa rafuni akaziweka chini ya meza, akasema Mungu amesitiri, akatuletea nyingine kutoka kwa mtu mwingine. Mpaka leo namsalimia kila nikipita. Mpaka leo pia, kila diski anayoniuzia naiuliza umri pale pale kwenye meza yake, na yeye hunisogezea kiti nikiuliza.

Fundi alipopata habari kamili alicheka. "Safari nyingine nunueni maduka mawili, miezi tofauti," alisema. "Pacha wenu wasizaliwe siku moja."

Mfawidhi hakulipenda neno hilo, lakini alilifuata.

Mdogo wangu alibaki kazini na onyo. Kwa mfawidhi shauri lilikwisha. Kwangu halikwisha upesi. Nilimwomba radhi sebuleni kwetu, wadogo wakiwa nje, naye akasema amesamehe, na nilijua anasema nzuri ili tuendelee kutembea. Watu wa Nyabibuye walituma neno kwamba wangependa kumwona huyo dada wanayemsikia tu. Nimeahidi kwenda baada ya mavuno. Nani ataniongoza njia, yeye au yule mzee jirani, bado hajaniambia.

Ila aliomba jambo moja, akaliomba kwa mfawidhi, si kwangu. Tangu siku hiyo mimi nasoma logi za Kibondo na yeye anasoma za Kasulu, na umri wa kila diski anauliza yule asiyeishika. Nilidhani atachoka baada ya wiki mbili. Hajachoka. Juzi alinipigia sijavua hata sweta.

"Dada, mashine yako jana ilipata joto kuanzia saa saba mchana mpaka saa tisa."

"Umeme ulikatika, mashine ikabaki kwenye betri, feni ikasimama."

"Dirisha ulifungua?"

"Nilifungua."

"Joto halikushuka."

"Nilifungua, nakwambia."

Nilimsikia akibonyeza vitufe kule Kibondo, akirudi nyuma, akisoma tena.

"Kesho ukate umeme wa feni kidogo, ufungue dirisha, nione joto linavyoshuka," alisema.

Nikasema sawa. Kulipokucha nilifanya hivyo.